SOMO LA AFYA NA FIQHI: DAWA YA MACHO NA ADABU ZA KUITUMIA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote.



Katika Suratul-Balad Mola wetu anamkumbusha mwanadamu macho mawili aliyompa. Neema hii ni amana, na kila amana ina maswali yake Siku ya Kiyama. Kabla sijaingia katika somo nitaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, ili mjue kwa nini nimelichagua.

Ramadhani moja, babu wa mmoja wa wanafunzi wetu alinijia baada ya sala ya Alasiri. Akaniuliza: "Ustadh, mimi natia dawa ya macho asubuhi na jioni. Je, saumu yangu iko salama?" Nilikuwa na haraka. Nikamjibu: "Mzee wangu, ukiwa na shaka, acha." Sikumuuliza dawa ni ya ugonjwa gani. Mzee akaacha dawa yote, mchana na usiku, mwezi mzima. Baada ya Idd alirudi kliniki, akaambiwa kwamba presha ya jicho, yaani glakoma, imepanda, na sehemu ya uoni wa jicho la kushoto imepotea. Uoni unaopotea kwa glakoma haurudi. Nilikwenda kumwomba radhi, naye akanisamehe. Lakini tangu siku ile nimejilazimisha kujifunza dawa ya macho inavyofanya kazi, na leo nawapa nanyi niliyojifunza.

1. JICHO LINAJILINDA

Allah (s.w.) ameliwekea jicho ulinzi mkubwa. Kila tunapopepesa, machozi huosha uso wa jicho na kutoka kupitia vitundu viwili vidogo vilivyo katika kona ya ndani, karibu na pua. Vitundu hivyo vina mfereji unaoingia puani na kufika kooni. Ndiyo maana mtu akilia pua nayo hutiririka, na ukitia dawa ya macho huweza kuhisi uchungu wake kooni.

Ulinzi huu hautofautishi vumbi na dawa. Uso wa jicho una machozi kiasi cha mikrolita 7 hadi 10 tu, na hauwezi kubeba zaidi ya mikrolita 30 hivi. Tone moja la dawa lina mikrolita 30 hadi 50. Kwa hiyo hata tone moja ni kubwa kuliko nafasi iliyopo. Lililozidi humwagika shavuni au huingia puani, na baada ya dakika chache machozi yanakuwa yameosha sehemu kubwa ya lililobaki. Kinachopenya hadi ndani ya jicho kwa kawaida hakifiki hata asilimia 5.

Baada ya hapo kuna ukuta wa pili, nao ni konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Tabaka lake la juu hupitisha vitu vyenye asili ya mafuta, na tabaka la kati hupitisha vitu vyenye asili ya maji. Dawa inayotaka kuvuka lazima iwe na tabia zote mbili kwa kiasi.

2. DAWA INAVYOTENGENEZWA

Wataalamu wa dawa hutazama mambo haya:

(a) Usafi. Dawa ya macho hutengenezwa bila kijidudu chochote. Zilizo nyingi hutiwa pia kitu cha kuzuia vijidudu visizaliane baada ya chupa kufunguliwa.

(b) Chumvi. Kiasi chake hulinganishwa na machozi, karibu sawa na maji yenye chumvi asilimia 0.9. Kikipungua au kuzidi sana, jicho huwasha, na likiwasha hutoa machozi mengi yanayoifukuza dawa.

(c) Ukali. Dawa isiwe na uchachu mwingi wala ukali wa magadi, bali ikaribiane na machozi yenyewe.

(d) Uzito. Baadhi ya dawa huongezewa kitu cha kuzifanya nzito kidogo ili zikae zaidi juu ya jicho.

Sasa mtaona kwa nini maji ya majani ya chai, maziwa ya mama au maji ya chumvi ya kukadiria jikoni si dawa ya macho. Hayana usafi huo wala kipimo hicho. Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na Mombasa, watu wengi walijitilia vitu vya namna hii. Ugonjwa ule uliletwa na virusi, na kwa kawaida hupona wenyewe. Lakini jicho lililotiwa uchafu huweza kupata kidonda, na kidonda cha konea huacha kovu linalozuia mwanga.

3. AINA ZA DAWA

Matone ya maji ndiyo ya kawaida. Mengine yana chembe ndogo zinazotulia chini, hayo hutikiswa kwanza. Dawa ya kupaka ina mafuta laini, hukaa muda mrefu zaidi lakini hutia ukungu machoni, kwa hiyo inafaa zaidi wakati wa kulala. Mfano wake ni tetrasaiklini ya asilimia 1, inayotumika kwa ugonjwa wa vikope na pia kuwakinga watoto wachanga. Kwa maradhi ya nyuma ya jicho, kwenye retina, matone hayafiki vya kutosha, na daktari huweza kuchoma sindano ndani ya jicho lenyewe.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Ali bin Isa wa Baghdad, aliyeishi miaka elfu moja hivi iliyopita, aliandika Tadhkirat al-Kahhalin, kitabu kilichosomwa na matabibu wa macho kwa karne nyingi. Tabibu wa macho aliitwa kahhal, neno linalotokana na kuhl, yaani wanja. Matabibu hao walisaga dawa, wakazikandika zikawa vijiti vikavu, kisha wakaziyeyusha wakati wa kutia. Lakini nawatahadharisha akina mama: wanja mwingi wa siku hizi umepimwa katika nchi mbalimbali ukakutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Msiwapake watoto wachanga.

4. NAMNA YA KUTIA DAWA

1. Osha mikono kwa sabuni.
2. Inua uso, vuta kope la chini lifanye kama kimfuko.
3. Tia tone moja tu humo. Ncha ya chupa isiguse jicho, kope wala kidole.
4. Fumba macho taratibu bila kupepesa, na ubonyeze kwa kidole ile kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili hivi.
5. Ukiwa na dawa mbili, subiri dakika 5 baina yake. Ya matone hutangulia, ya kupaka hufuata.
6. Andika tarehe uliyofungua chupa. Nyingi hutupwa baada ya wiki 4 hata kama dawa imebaki.

Usitumie chupa ya jirani. Baadhi ya dawa za kuondoa wekundu zina deksamethasoni na mfano wake. Zikitumika ovyo hupandisha presha ya jicho, huleta mtoto wa jicho, na hukizidisha kidonda. Tena timolo, dawa ya glakoma, ikifika mwilini kupitia puani huweza kumbana mwenye pumu. Mweleze daktari maradhi yako yote.

5. MWENYE KUFUNGA

Katika madhehebu ya Shafi na Hanafi, kutia kitu jichoni hakubatilishi saumu, hata ladha yake ikihisiwa kooni, kwa sababu jicho halihesabiwi kuwa njia iliyo wazi ya kuingilia ndani. Maliki na Hanbali wanaona kwamba kikifika kooni saumu hubatilika. Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah, liliamua kwamba matone ya macho hayafunguzi, maadamu mtu anajiepusha na kumeza kinachofika kooni.

Tazameni hekima iliyopo. Kile kidole kinachobonyeza kona ya jicho huizuia dawa isikimbilie kooni, na hapo hapo huibakisha jichoni inakohitajika. Adabu ya tiba na tahadhari ya saumu zimekutana mahali pamoja. Na anayetaka kutoka katika hitilafu amuulize daktari kama saa za dawa zinaweza kupangwa wakati wa daku na baada ya futari. Lakini asiache dawa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kujitibu.

Nami nimejifunza: anayeulizwa fatwa ya mgonjwa aulize kwanza ugonjwa. Kusema "sijui, ngoja niulize" hakumpunguzii mwalimu heshima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tone moja linatosha?
2. Taja mambo manne yanayotazamwa katika kutengeneza dawa ya macho.
3. Kubonyeza kona ya jicho kuna faida gani mbili?
4. Nyumbani kwenu nani anatumia dawa ya macho? Msomee sehemu ya 4, kisha mtazame anavyotia.

Tunamwomba Allah (s.w.) atuhifadhie macho yetu, awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe kwa tuliyoyasema bila elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.