Mtakatifu Thoma wa Akwino na Dawa Tano za Stresi



Leo tuzungumze kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunacho ila tunakificha: stresi. Siongelei misiba mikubwa, naongelea zile za kila siku. Kodi ya chumba inakaribia na mfukoni hakuna kitu. Bumu limechelewa na mitihani ni wiki ijayo. Umetuma maombi ya kazi mpaka umechoka, na nyumbani wanauliza, "Vipi, bado?" Marejesho ya mkopo ni kila Ijumaa. Unapanda kitandani umechoka, lakini kichwa ndiyo kwanza kinaanza kazi.

Ukimweleza mtu, mara nyingi jibu ni moja: "Wewe sali tu." Kusali ni lazima, sitakwambia kinyume chake. Ila jibu hilo likitolewa harakaharaka humwongezea mtu mzigo wa pili: alikuwa na stresi, sasa anajiona hana imani pia. Nikiwa kwenye utume parokiani wakati wa likizo, nilikutana na binti aliyekuwa akikesha na rozari karibu kila usiku kwa sababu ya madeni ya biashara yake. Saa kumi na moja alfajiri anaenda kufungua genge. Hakuniuliza habari za madeni. Aliniuliza, "Frateri, hivi Mungu amenichoka?"

Swali lile lilinirudisha kwenye madaftari yangu ya falsafa, kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, Mdominiko aliyefariki mwaka 1274. Wengi wanamjua kwa hoja zake kuhusu uwepo wa Mungu. Lakini katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, kwenye nusu ya kwanza ya Sehemu ya Pili, ametenga swali zima, la 38, kwa ajili ya dawa za huzuni. Hatumii neno stresi. Anaongelea ule uzito unaoukalia moyo. Anataja dawa tano: furaha, machozi, rafiki, kutafakari ukweli, na ya tano ni usingizi na kuoga.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mwalimu wa Kanisa anakwambia ukaoge, ulale. Tuanze na hiyo ya mwisho, maana ndiyo tunayoidharau zaidi.

1. Usingizi na kuoga

Kwa Thoma, mtu si roho iliyomiminwa mwilini kama maji kwenye ndoo. Mwili na roho ni mtu mmoja. Ndiyo maana uzito wa moyo huuchosha mwili, na mwili ukipata nafuu, moyo nao hupumua. Anamtaja Mtakatifu Augustino, aliyefiwa na mama yake Monika mwaka 387. Augustino alienda kuoga, uchungu haukuondoka. Akalala, na alipoamka akakuta umepungua.

Yesu mwenyewe alilala chomboni huku dhoruba ikivuma (Mk 4:38). Kulala ni tendo la imani: unakiri kwamba dunia ina mwenyewe, na si wewe. Yule binti nilimjibu hivi: Mungu hajakuchoka, wewe ndiye umechoka. Sali fungu moja la rozari, mengine mwachie Mama Maria, ulale.

2. Rafiki

Thoma anasema huzuni ni kama mzigo, na rafiki anapoumia pamoja nawe ni kama amekushika upande mmoja wa gunia. Tena ukimwona anaumia, unajua unapendwa, na hilo peke yake lina nafuu. Kule Gethsemani, Yesu alichukua rafiki watatu na kuwaambia wazi hali ya moyo wake (Mt 26:37-38). Kama Bwana hakuona aibu, wewe unaogopa nini?

Kuweka mafumbo kwenye status si kumwambia rafiki. Tafuta mtu mmoja: mwenzako wa VIWAWA, dada yako, mtu wa jumuiya. Binti yule alikutanishwa na mama mmoja wa WAWATA mwenye uzoefu wa biashara. Walikaa na daftari, wakahesabu. Deni halikufutika siku ile, lakini halikuwa tena siri ya mtu mmoja.

3. Machozi

Hasa sisi wavulana tumeambiwa mwanaume halii. Thoma anaona tofauti: kinachofungiwa ndani huumiza zaidi, kikitoka moyo hupata nafasi. Yesu alimlilia Lazaro mbele za watu (Yoh 11:35). Ukikosa pa kulilia, nenda mbele ya Ekaristi. Pale hakuna atakayekuuliza maswali.

4. Furaha

Kama pumziko lilivyo kwa mwili uliochoka, ndivyo furaha ilivyo kwa moyo uliolemewa. Kwa hiyo mpira wa jioni, mazoezi ya kwaya na stori za kijiweni si kupoteza muda. Yesu alienda harusini Kana. Ila tuwe makini. Kubeti kunakokuongezea deni, au pombe inayokuachia asubuhi mbaya kuliko jana, hiyo si dawa. Inakukopesha nafuu kwa riba.

5. Kutafakari ukweli

Hofu hukuza mambo. Usiku deni la laki mbili linaonekana milioni. Chukua karatasi uandike: nadaiwa kiasi gani, na nani, lini, na kesho naweza kufanya nini kimoja? Huo ni ukweli mdogo. Halafu kaa kimya mbele ya ukweli mkubwa: wewe ni mwana wa Mungu hata kabla hujalipa, hujafaulu, hujaajiriwa. Yesu hakusema kesho haina shida. Alisema tusiibebe leo, kwa maana leo ina yake ya kutosha (Mt 6:34).

Umeona? Hakuna dawa hata moja hapo ambayo Yesu mwenyewe hakuigusa. Neema haiji kuchukua nafasi ya usingizi, rafiki na machozi. Inapitia humohumo. Kwa hiyo usiseme, "Nimelala badala ya kumtegemea Mungu." Umelala kwa sababu unamtegemea.

Jambo moja la muhimu. Kama kwa wiki mbili au zaidi hulali, huli, hufurahii chochote, au unawaza kujidhuru, usisubiri. Mwambie mtu leo hiihii, uende hospitali. Kwenda kwa daktari si kukosa imani, kama ambavyo kutibu malaria si kukosa imani.

Zoezi la wiki hii

Chagua dawa moja tu kati ya tano, ile unayoikwepa zaidi. Ifanye siku tatu mfululizo. Kila usiku, kabla ya kulala, mweleze Yesu ilivyokwenda.

Tusali

Ee Yesu uliyelala chomboni, ukamlilia Lazaro na kuomba rafiki bustanini, unaijua mizigo yetu. Tufundishe kupumzika bila hatia, na kuomba msaada bila aibu. Utupe nguvu ya leo. Ya kesho tunaiacha mikononi mwako. Amina.