Kiyoyozi cha Juu ya Paa: Kabla ya Kujaza Gesi, Upimwe Umeme

Kiyoyozi kinapoacha kupoza, neno la kwanza kusikika ni kwamba gesi imeisha. Mwenye jengo hulipa, mtungi hupandishwa juu ya paa, ukumbi hupoa kwa wiki chache, kisha joto hurejea lilelile. Ieleweke kwamba gesi ya kiyoyozi si petroli, haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake imevuja. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini kuvuja kwa kiyoyozi ni nafuu ya muuza gesi peke yake. Zaidi ya hayo, mara nyingi gesi huwa imo yote, na ugonjwa uko kwenye umeme au kwenye uchafu.

Mitambo inayozungumzwa hapa ni ile mikubwa ya kumbi, benki na maduka ya bidhaa nyingi. Kompresa, feni, koili na vidhibiti vya umeme vyote hukaa katika sanduku moja la chuma juu ya paa, na hewa iliyopozwa hushuka kwa njia za bati hadi vyumbani. Katika nchi za baridi, sanduku hilohilo hubeba pia hita; maeneo ya pwani hayana haja nayo. Ukubwa wake huhesabiwa kwa tani, na tani moja ni BTU 12,000 kwa saa. Kipimo hicho ni urithi wa enzi za barafu: ni kiasi cha joto kinachoyeyusha tani moja ya barafu kwa siku nzima.

Kazi huanza kwa kuzima umeme, na kuzima huko kuna utaratibu wake. Karibu na mtambo, palepale juu ya paa, inapaswa kuwepo swichi ya kukata umeme wote. Fundi huizima, huifunga kwa kufuli na ufunguo hukaa mfukoni mwake, ili mtu aliye chini anayelalamikia joto asije akauwasha mwenzake akiwa ameshika nyaya. Kisha hujaribu mita yake mahali penye umeme, hupima nyaya za mtambo, na huijaribu tena mita palepale penye umeme. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri, na sifuri ya namna hiyo imeua watu.

Hata baada ya hapo, kapasita huweza kubaki na umeme. Kifaa hiki, chenye umbo la kopo dogo, huisaidia mota kuanza na kuzunguka, na hutunza chaji hata swichi ikiwa imezimwa. Husubiriwa dakika kadhaa, chaji yake hupunguzwa kwa kizuizi cha umeme kinachofaa, kisha hupimwa. Desturi ya kuigusanisha miguu yake kwa bisibisi haifai kuigwa, kwani hurusha cheche na huharibu kapasita yenyewe. Kapasita iliyovimba kichwa hubadilishwa. Ni kifaa cha bei ndogo mno kikilinganishwa na kompresa.

Mitambo mikubwa hutumia umeme wa fezi tatu, wa volti 400 kati ya fezi na fezi. Hapa ndipo kompresa nyingi hufia. Tuseme vipimo vitatu vimesoma volti 402, 398 na 382. Wastani wake ni 394, na kipimo kilicho mbali zaidi kimepungua kwa 12, yaani takriban asilimia 3. Watengenezaji wengi wa kompresa hawataki tofauti ipite asilimia 2. Kwa kanuni inayotumiwa na mafundi wa mota, ongezeko la joto katika waya za mota ni karibu mara mbili ya mraba wa asilimia hiyo. Kwa hiyo asilimia 3 huleta ongezeko la asilimia 18 hivi. Mota haipigi kelele kwa hilo, bali huungua polepole. Fezi moja ikikatika kabisa, huungua upesi zaidi. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, baadhi ya kompresa huzunguka kinyume, hunguruma na hazipozi kitu, na hapo mtu huitwa kujaza gesi!

Dawa yake ni kifaa cha kulinda fezi, ambacho hukata umeme kasoro hizo zinapotokea na kuchelewesha kuwaka kwa dakika tatu au zaidi umeme unaporudi, ili presha ndani ya mabomba ilingane kwanza. Kosa baya kuliko yote ni kuondoa breka inayokatika mara kwa mara na kuweka kubwa zaidi. Breka huchaguliwa kulingana na unene wa waya na kibati cha mtengenezaji kilichobandikwa ubavuni mwa mtambo. Inapokatika, inatoa taarifa. Nati zilizolegea na kontakta zilizoungua midomo nazo hutafutwa wakati wa ukaguzi, pamoja na waya wa ardhi, ambao chumvi ya bahari huula kimyakimya.

Chumvi hiyohiyo hushambulia mapezi ya alumini ya koili ya nje. Umeme ukiwa umezimwa, koili huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na yasiyo na nguvu nyingi, yakielekezwa kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi litoke lilikoingilia. Chujio la hewa lililoziba hupunguza hewa hadi koili ya ndani kuganda barafu, na barafu hiyo hudhaniwa kuwa dalili ya gesi pungufu. Njia ya kutoa maji nayo huzibuliwa, la sivyo maji hurudi darini na kuozesha dari.

Baada ya yote hayo ndipo gesi hupimwa. Ikiwa pungufu, tundu hutafutwa kwa povu la sabuni au kifaa maalumu, huzibwa, mabomba hunyonywa hewa, kisha gesi hujazwa kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati. Gesi ya R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni, inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na R-32 inayotumika katika mitambo mingi mipya huweza kushika moto. Kwa hiyo gesi ya aina moja haichanganywi na nyingine wala haiachiwi hewani.

Mwenye jengo asiye fundi anaweza kudai mambo matatu kabla ya kulipa: leseni ya EWURA ya anayeshughulikia nyaya, karatasi yenye volti na ampea za kila fezi, na joto la hewa inayoingia mtamboni na inayotoka. Tofauti ya joto hilo kwa kawaida huwa nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi, na hupungua kidogo siku za unyevu mwingi. Karatasi hiyo itunzwe ndani ya mlango wa sanduku la mtambo, ambapo fundi ajaye ataikuta.