Ruzuku za Kufidia Madhara ya Barabara: Tujifunze Kuziomba

Safari hii naomba tuweke pembeni kidogo mambo ya viza na kubeba maboksi, tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunaishi nacho kila siku: barabara kuu inayopita dirishani. Ukiwatembelea ndugu zetu waliofika nchi hii kama wakimbizi, Wakongo na Warundi wa Louisville na Buffalo au Wasomali wa Columbus, utakuta wengi wamepanga karibu na barabara kubwa, maghala na vituo vya malori. Kodi huko ni nafuu, lakini moshi na kelele vinaingia ndani bila hodi.

Habari njema ni kwamba Marekani ina mafungu ya fedha yaliyowekwa mahsusi kupunguza au kufidia madhara hayo: kupanda miti, kubadilisha mabasi ya shule ya dizeli, kujenga njia za waenda kwa miguu, kuunganisha mitaa iliyokatwa na barabara. Habari mbaya ni kwamba hela hizo haziendi kwa aliyeumia zaidi. Zinakwenda kwa aliyeandika vizuri zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo tusome daftari.

Ruzuku hizi ni za nini hasa?

Kwanza tuelewe utaratibu. Sheria ya Taifa ya Sera ya Mazingira, maarufu kama NEPA, ilitiwa saini tarehe 1 Januari 1970. Inaidai serikali ya shirikisho ichunguze madhara ya mradi kabla ya kuujenga au kuutolea fedha. Sisi wahandisi tunafundishwa ngazi tatu: kwanza epuka madhara, ukishindwa yapunguze, yanayobaki yafidie. Kwa upande wa ardhi oevu ngazi hizo ziliwekwa wazi kwenye kanuni za mwaka 2008.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Kazi ambayo mjenzi wa barabara ameshaamriwa kuifanya ni deni lake mwenyewe, na ruzuku hailipi deni la mtu. Ruzuku inalipia kile kinachozidi deni hilo. Mfano ulio wazi zaidi ni mpango wa jimbo la California ulioanza mwaka 1989: mwombaji anatakiwa aonyeshe mradi wa usafiri unaohusika, na aonyeshe kwamba anachoomba ni zaidi ya kile ambacho mjenzi alitakiwa kukifidia. Hata ukiomba kwenye fungu lingine lolote, maswali hayo mawili yabandike ukutani: ni barabara gani? na ziada yake ni nini?

Mwaka juzi mimi na wenzangu wawili tulikisaidia chama kimoja cha Waafrika kuomba fedha za kupanda miti kando ya uzio wa shule. Tuliandika kurasa tatu za umaskini, vita na ukimbizi, maneno ya kutoa machozi. Hatukuandika jina la barabara wala idadi ya malori yanayopita. Tulikataliwa, na kusema kweli kosa lilikuwa letu. Idadi ya magari kwa siku huchapishwa na idara ya usafiri ya jimbo, kila mtu anaweza kuisoma bure. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Buffalo: unganisha barabara na ugonjwa

Mfano mzuri wa kuunganisha hivyo umetoka kwa watu wetu wenyewe. Pale Buffalo kuna daraja la Peace Bridge, lililofunguliwa mwaka 1927, linalovuka kwenda Fort Erie nchini Kanada. Malori yakipanga foleni mpakani, moshi wake unabaki kwa wakazi wa upande wa magharibi wa mji, ambako leo wanaishi wakimbizi wengi. Watu walilalamika kuhusu pumu, lakini lalamiko peke yake halijazi fomu.

Tonny Oyana, Mganda aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu ya jiografia palepale Buffalo, alishirikiana na Peter Rogerson na daktari wa mapafu Jamson Lwebuga-Mukasa, naye mwenye jina la Kiganda. Walichukua wagonjwa wa pumu watu wazima wa miaka ya 1996 hadi 2000, wakaweka makazi yao kwenye ramani. Halafu wakaweka wagonjwa wa tumbo kama kundi la kulinganishia, kwa sababu tumbo halisababishwi na moshi wa malori. Wagonjwa wa pumu walionekana kujikusanya zaidi karibu na eneo la daraja. Utafiti ulichapishwa mwaka 2004 kwenye jarida la Marekani la afya ya umma. Oyana baadaye aliongoza chuo cha kompyuta na sayansi ya habari pale Makerere.

Mnaona? Kundi la kulinganishia ndilo lililoufanya utafiti uwe na meno. Bila hilo mtu angesema, "Aa, maskini huugua kila kitu." Na wewe ukiandika ombi, tafuta kitu cha kulinganisha: mtaa wa karibu usio na barabara kuu, au shule iliyo mbali na malori.

Louisville: karatasi zina nguvu

Tushuke Louisville. Mradi wa madaraja ya mto Ohio uliidhinishwa mwaka 2003, ukarekebishwa 2012, na madaraja mawili yakafunguliwa Desemba 2015 na Desemba 2016. Upande wa mashariki barabara ilikuwa ipite kwenye shamba la kihistoria liitwalo Drumanard, lililokuwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Sheria ya usafiri ya mwaka 1966 inalinda maeneo ya namna hiyo pamoja na bustani za umma. Matokeo yake barabara ilipitishwa chini ya ardhi, kwenye handaki la nusu kilomita hivi.

Mtu anaweza kusema eti matajiri wana bahati. Mimi nasema walikuwa na karatasi. Eneo lilikuwa limeandikishwa mapema, kwa hiyo sheria ililiona. Je, mtaani kwenu kuna bustani, kanisa la zamani, kijito? Vimeandikishwa wapi? Kabla ya kuomba ruzuku, tafuta taarifa ya athari kwa mazingira ya barabara yenu na uamuzi uliotolewa. Ndani yake kuna orodha ya ahadi za mjenzi. Ahadi iliyotajwa ikawa haijatekelezwa, unaidai. Madhara ambayo hayakutajwa, hayo ndiyo unayaombea ruzuku.

Columbus: taja tatizo moja na kipimo chake

Columbus ni jirani yetu wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Louisville. Mwaka 2016 mji huo ulishinda shindano la Wizara ya Usafiri lililovutia miji 78, ukapata dola milioni 40 za serikali na milioni 10 za kampuni ya Paul Allen, fungu la pili likilenga kupunguza hewa chafu kwa kutumia magari ya umeme. Ombi la Columbus halikuongelea teknolojia tupu. Lilitaja mtaa wa Linden na vifo vya watoto wachanga, likasema akina mama wajawazito hawana usafiri wa kuaminika wa kwenda kliniki. Mtaa unajulikana, tatizo linajulikana, watu wanahesabika.

Lakini tujifunze na upande wa pili. Basi dogo linalojiendesha lilianza kubeba abiria Linden Februari 2020, abiria mmoja akaanguka ndani yake, huduma ya abiria ikasimama mwezi huohuo. Baadaye chombo hicho kilitumika kupeleka chakula. Kwa hiyo ukiahidi kitu kwenye ombi, ahidi kitu ambacho unaweza kukipima na ambacho kikikwama una njia nyingine.

Hela ziko wapi?

Nitataja milango mitatu ili mwelewe aina zake.

Wa kwanza ni mpango wa hewa safi na msongamano, CMAQ, ulioanzishwa na sheria ya 1991 na kurefushwa mara kadhaa, mara moja ikiwa mwaka 2021. Fedha zake hupitia kwa majimbo na mabaraza ya mipango ya usafiri ya miji: KIPDA kwa Louisville, MORPC kwa Columbus, GBNRTC kwa Buffalo. Mabaraza haya hufanya mikutano ya wazi. Nenda ukakae nyuma usikilize, hakuna atakayekufukuza.

Wa pili ni fedha za kesi. Kampuni ya Volkswagen ilipokamatwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi, makubaliano ya 2016 yalizaa mfuko wa zaidi ya dola bilioni 2.9. Kentucky ilipangiwa kama milioni 20, Ohio kama milioni 75, New York kama milioni 127, kwa kazi kama kubadilisha mabasi ya shule na malori ya dizeli yaliyozeeka. Kesi kubwa ya mazingira ikitangazwa, uliza fidia itagawiwa na nani.

Wa tatu ni fedha za kuunganisha mitaa iliyokatwa na barabara, dola bilioni 1 kwa miaka mitano chini ya sheria ya miundombinu ya Novemba 2021. Mwaka uliofuata fungu linalofanana nalo liliongezwa, lakini Julai 2025 sheria mpya ilizirudisha serikalini fedha za fungu hilo la pili ambazo hazikuwa zimefungwa kwa mkataba. Kutangazwa mshindi si sawa na kupata hela. Usile ng'ombe aliye mnadani.

Hatua za kufuata

1. Soma tangazo la mwaka huohuo mpaka mwisho. Usitegemee la mwaka jana.

2. Tafuta anayestahili kuomba. Mwanafunzi mmojammoja haombi. Huomba mji, shule au shirika lisilo la faida. Chama kidogo kishirikiane na mji.

3. Jisajilini mapema kwenye SAM.gov mpate namba ya utambulisho. Ni bure kabisa. Anayekuambia ulipie ni tapeli au dalali. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo msingoje siku ya mwisho.

4. Pigeni bajeti kwa ukweli. Tuseme mradi wa miti unagharimu dola 60,000 na fungu linalipa asilimia 80. Serikali itatoa 48,000, nyinyi mtafute 12,000. Tangazo likiruhusu, saa za kujitolea zinahesabiwa kama mchango, ila lazima ziwe na daftari la mahudhurio lenye saini.

5. Ulizeni hela zinakuja lini. Nyingi za fedha hizi hurudishwa baada ya nyinyi kulipa kwanza na kuleta stakabadhi. Na kazi iliyofanyika kabla ya mkataba kwa kawaida hairudishiwi hata senti. Hapa ndipo vyama vidogo hufia.

6. Andikeni nani atamwagilia miti mwaka wa tatu. Mti uliokufa haufidii kitu.

7. Mwenye viza ya mwanafunzi anayetaka kulipwa kwa kazi ya kuandika ombi aongee kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Usijiponze kwa sababu ya fomu.

Neno la tahadhari

Turudi Buffalo kidogo. Barabara ya Kensington, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1950, iliikata Humboldt Parkway, njia pana yenye miti iliyobuniwa na Frederick Law Olmsted katika karne ya 19, katikati ya mtaa uliokuja kuwa wa Wamarekani weusi. Mwaka 2023 mradi wa kuifunika sehemu ya barabara hiyo ulipewa dola milioni 55.6 za shirikisho. Sherehe, makofi. Lakini baadhi ya wakazi walisema handaki litakusanya moshi na kuutolea kwenye midomo yake, karibu na nyumba zao. Wakaenda mahakamani, na Februari 2025 jaji wa jimbo akaamua lazima iandaliwe taarifa kamili ya athari kwa mazingira.

Hata fidia ina madhara yake, na wa kuulizwa ni yule anayekaa pale. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, kaa sebuleni kwa mama mwenye mtoto wa pumu, umuulize kwa Kiswahili anataka nini. Pengine hataki miti. Pengine anataka malori yasiunguruме usiku chini ya dirisha lake. Hiyo ndiyo kazi ambayo mtaalamu wa mji hawezi kuifanya kama sisi, kwa sababu hana lugha.

Na tukirudi nyumbani, ujuzi huu hautaoza. Kenya ina sheria ya mazingira tangu 1999, Tanzania tangu 2004, Uganda iliandika upya ya kwake 2019. Reli ya SGR imevuka Hifadhi ya Nairobi juu ya daraja la kilomita 6 hivi ili wanyama wapite chini. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, ulioanza 1992, umevipa fedha vikundi vya kijamii katika nchi zetu. Fomu ni nyingine, maswali ni yaleyale: ni barabara gani, imemdhuru nani, na ziada yako ni nini?

Haya, kila la kheri na mitihani. Anayetaka tukae pamoja kusoma tangazo lolote anione baada ya mkutano wa chama. Chai nitaleta mimi.