Mdogo Wangu wa Mau Narok, Anza na Chupa

Barua ya wiki hii imetoka Mau Narok. Nimeisoma mara tatu kwa sababu huko ndiko kitovu changu kilizikwa. Aliyeiandika ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne akapata C, na sasa ameitwa kusomea diploma ya teknolojia ya maji. Baba hataki. Anasema kufukua mitaro na kubeba mabomba si kazi ya msichana, na isitoshe huku kwetu maji hayasomewi, "yanatoka tu mlimani". Rafiki yake naye amemwambia aachane na mabomba, atume shilingi 25,000 asajiliwe kozi ya wiki tatu Nairobi, ya data na akili mnemba, arudi na cheti. Anauliza: "Dada, nimsikilize nani?"

Mdogo wangu, nianze na hizo elfu ishirini na tano, maana ndizo zinazoweza kuondoka kesho asubuhi.

Mimi nililiwa. Mwaka niliomaliza shule mama aliuza viazi vya msimu mzima, nikajisajili katika chuo cha kompyuta Nakuru mjini, orofa ya pili, juu ya duka la misumari na simiti. Sitakitaja. Kompyuta zilikuwa sita, wanafunzi tulikuwa ishirini na mmoja. Nilichojifunza ni kuandika jina langu kwa rangi nne. Mwezi wa pili tukakuta kufuli mlangoni, na soja wa jengo akatuambia hata yeye anadai mshahara. Nilipanda matatu ya mwisho kurudi nyumbani. Mama hakuniuliza kitu, aliniwekea chakula tu, na hapo ndipo nililia.

Kwa hiyo sikukatazi kozi fupi, ziko nzuri. Ila kabla ya kutuma hata shilingi, mpigie mwalimu wa kozi hiyo umuulize maswali mawili. Baada ya wiki tatu nitaweza kufanya nini ambacho leo siwezi? Na hiyo data tutakayojifunzia imetoka wapi? Akianza kukuzungusha, kata simu.

Hilo swali la pili ndilo lililonifanya nikae kukuandikia jibu refu hivi. Data haioti kwenye kompyuta. Kompyuta haijui mvua iliyonyesha kwenu jana usiku mpaka kuna mtu aliyeipima, au chombo ambacho mtu alikiweka na anakitunza. Huku juu kwetu tunalima viazi, ngano, shayiri na karoti, tunaweza kukuambia bei ya viazi vya Shangi ya asubuhi na ya jioni, lakini muulize jirani mvua ya juzi ilikuwa kiasi gani. Atakuambia, "Ilinyesha, ilinyesha kweli."

Sasa turudi kwa mzee. Namwelewa. Ukikulia zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, mahali ambapo asubuhi sakitu imelala juu ya majani na chemchemi iko nyuma ya shamba, ni rahisi kudhani maji ni kitu kisichoisha. Lakini hayo maji ni ya msitu wa Mau, na msitu wenyewe umekatwa. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau katika orodha ya misitu iliyohifadhiwa, na sehemu kubwa ilikuwa upande wetu huu wa mashariki. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit yote inashuka kutoka milima hii hadi Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Chochote tunachokiachilia huku juu, kiwe maji au udongo, kinaishia pale. Upande wa pili wa milima, Mto Ewaso Ng'iro wa kusini unakwenda mpaka Ziwa Natron, Tanzania. Mto Mara nao unaanzia msitu huohuo.

Ziwa Nakuru lenyewe lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 40 hivi mwaka 2010. Mwaka 2020 lilikuwa limefika kama 68. Lango kuu la mbuga ya ziwa hilo likamezwa ikabidi lihamishwe, na majirani wa ziwa wakahama nyumba zao. Mvua nyingi ndiyo iliyotajwa zaidi kuwa sababu, ikisaidiwa na jinsi tunavyotumia ardhi huku juu. Nikipita Mau Narok nikaona matuta ya viazi yaliyochorwa kuelekea bondeni badala ya kukingama mteremko, huwa nafunga macho. Hesabu ni hii: milimita 20 za mvua kwenye ekari moja ni takriban lita 80,000. Zipe matuta yanayotazama chini uone kama zitasubiri kunywewa na ardhi.

Na kaunti yetu ya Nakuru imeshazika watu kwa sababu ya maji. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa lilipasuka Solai, na watu wasiopungua 47 wakafa, wakiwemo watoto. Alfajiri ya Aprili 29, 2024 ikawa zamu ya Mai Mahiu. Kwanza watu walisema ni bwawa tena. Baadaye ikaelezwa kwamba ni kalavati iliyo chini ya tuta la reli ya zamani, kule Kijabe ya zamani, iliyozibwa na matope, mawe na magogo. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta bila mtu kuyaita bwawa, kisha tuta likaachia watu wakiwa usingizini. Zaidi ya watu 50 hawakuamka.

Fikiria hiyo kalavati kidogo. Haikuzibwa kwa dakika moja. Gogo lilikuja likakwama, matope yakashika gogo, mawe yakafuata. Sijui nani alipita pale wiki ile, na sitaki kumlaumu mtu, maana mimi pia nimepita kwenye kalavati nyingi zilizoziba nikaruka matope nikaendelea na safari. Ninachosema ni kwamba kazi ya kuangalia kalavati haina heshima kwetu. Haina cheti, haina sare, hakuna anayeipigia makofi. Na wewe unaniandikia kuuliza ujuzi wa maana ni upi.

Basi fanya hivi, kabla ya kujibu chuo na kabla ya kujibu rafiki. Tafuta chupa ya plastiki ya lita mbili, ile yenye ubavu ulionyooka, si ya mikunjo. Ikate pale mabega yanapoanza kupungua. Hicho kipande cha juu ondoa kifuniko, kigeuze mdomo chini ukiingize ndani kama faneli. Tia vijiwe chini ili upepo usiiangushe, kisha mimina maji mpaka yafunike ile sehemu ya chini isiyo sawa, na uchore mstari. Hiyo ndiyo sifuri yako. Bandika rula ya shule ubavuni kuanzia hapo. Iweke uwanjani, mbali na paa na miti. Kama nyumba ina kimo cha mita tatu, sogea mita sita au zaidi. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya Idara ya Hali ya Hewa husoma vipimo vyao, piga goti, macho yawe sawa na maji, usome. Andika kwenye daftari tarehe na milimita. Kisha rudisha maji kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua andika 0. Usiache wazi, maana mwezi ujao hutakumbuka kama hapakunyesha au ulilala.

Hilo la kuandika sifuri ndilo gumu kuliko yote. Jaribu.

Ukishazoea, nenda kwenye kijito. Pima mita kumi zilizonyooka ukingoni, dondosha gunzi la mahindi katikati ya maji, hesabu sekunde kwa simu. Tuseme limechukua sekunde 20, basi maji yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Kijito kina upana wa mita moja na nusu na kina cha wastani cha sentimita 30? Zidisha vyote, kisha punguza kama moja ya tano kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Utapata karibu lita 180 kwa sekunde. Rudia Januari na rudia Aprili. Ila nakuonya kama dada: gunzi hudondoshwa maji yakiwa matulivu, nawe ukiwa mkavu ukingoni. Mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, ondoka. Maji ya magotini yakienda kasi yanamwangusha mwanamume mzima, na hakuna video ya TikTok inayofaa kuzikiwa.

Sasa, huo ndio mwanzo wa data, na unaona umetumia chupa. Teknolojia inakuja juu yake, na hapo sitaki uogope. Kuna mradi uitwao TAHMO ulioweka vituo vidogo vya hali ya hewa katika shule nyingi Afrika, Kenya ikiwemo, vinavyotuma vipimo vyenyewe. Uliza kama shule yenu au ya jirani inacho. Kuna Flood Hub ya Google, inayokisia mafuriko ya mito mpaka siku saba kabla, lakini ni ya mito mikubwa, haikijui kijito cha nyuma ya shamba lenu. Kuna mWater, programu ya bure ya kuweka visima na chemchemi kwenye ramani kwa simu. Kuna QGIS, nayo ni ya bure, ya kuchora ramani kwenye kompyuta. Ukifika mbali zaidi, pale Kasarani, Nairobi, kuna RCMRD, kituo cha nchi kadhaa za Afrika kilichoanzishwa mwaka 1975, kinachofundisha ramani na picha za setilaiti. Hiyo akili mnemba anayokuimbia rafiki yako inakula vitu hivi. Mwenye daftari la miaka mitatu la mvua ya Mau Narok ana kitu ambacho mwenye cheti cha wiki tatu atakuja kumwomba.

Kuhusu diploma: nenda. C yako inatosha na inabaki, kwa sababu diploma huanzia C-. Mikopo ya HELB ipo kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, usidhani ni ya vyuo vikuu peke yake. Kabla ya kuripoti, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Mimi ningefanya hivyo enzi zangu ningeokoa viazi vya mama. Na ukifika usiridhike na mabomba. Omba ufundishwe pampu za sola, mita, upimaji wa ubora wa maji, na hesabu za mradi, kwa kuwa miradi mingi ya maji vijijini haifi kwa ukosefu wa maji, inakufa kwa daftari la pesa.

Jambo jingine, muulize chifu kama mto wenu una chama cha watumiaji maji. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama hivyo, na vinashirikiana na Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Utakuta mikutano imejaa wazee wanaogombana nani alifungulia bomba usiku. Keti, sikiliza, kisha uwasomee tarakimu zako. Huku kwetu, ambako watu wa juu na wa chini ya mto wamewahi kutazamana vibaya kwa mambo mazito kuliko bomba, nambari isiyo ya kabila lolote ina kazi yake. Ukiona silanga linavuja, au kalavati imeziba, piga picha, andika mahali na tarehe, peleka kwa chifu na ofisi ya wadi, na uweke nakala. Wakikupuuza, peleka tena.

Na baba? Usibishane naye. Mzee hashindwi kwa mdomo na binti yake mbele ya watu, na wewe unajua hivyo kuliko mimi. Subiri asubuhi baada ya mvua nzuri, akinywa chai. Mwambie, "Baba, jana zimenyesha milimita 20." Atakuuliza umejuaje. Mwonyeshe chupa. Kisha mwambie paa lenu, kama lina mita kumi kwa sita, limepokea lita 1,200 usiku mmoja, na kwa kuwa hakuna gata wala tangi, zote zimepita mlangoni zikichukua udongo wake wa viazi. Toa zinazopotea, zinabaki kama 1,000. Hiyo ni mitungi hamsini ya lita ishirini, ambayo wewe na mama mngeibeba mgongoni kutoka kwenye chemchemi.

Halafu nyamaza. Mwachie ahesabu mwenyewe.

Barua ya kukubali nafasi ina tarehe ya mwisho, iangalie leo. Kwangu mimi niandikie tena baada ya wiki nne. Usinieleze habari ndefu, nitumie tu zile siku ishirini na nane kwa milimita, pamoja na sifuri zake.