Mtoto wa Bandia Afundishaye Wauguzi

Je, umepata kuona wauguzi wamezunguka meza, mmoja wao akimpa hewa mtoto wa plastiki? Usicheke, wala usidhani wanacheza. Wanajifunza kuokoa uhai wa mtoto wako.

Watoto wengi wakizaliwa hulia wenyewe. Lakini wengine hulegea, wala hawapumui. Hapo mkunga humkausha mtoto na kumsugua mgongo. Asipopumua bado, humpa hewa kwa kifuko na kifuniko cha uso, kabla dakika moja haijaisha. Hakuna nafasi ya kufungua kitabu. Mikono lazima iwe imezoea.

Mtoto wa bandia hujazwa maji ili awe mzito kama mtoto mchanga. Mwalimu akibonyeza vipira vyake, kifua huinuka, na kitovu hupiga kama moyo unavyopiga. Mwanafunzi akikosea, hakuna anayeumia. Hurudia tena.

Lakini kufundishwa mara moja hakutoshi. Sikia habari za Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2010 wauguzi wa huko walifundishwa kwa siku moja. Darasani walifanya vizuri, lakini katika chumba cha kuzalia kazi yao haikubadilika. Basi tangu Februari 2011 wakafanya mazoezi mafupi palepale kazini: dakika 3 hadi 5 kila juma, na dakika 40 kila mwezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika kila watoto 1000, walikufa 11 katika saa 24 za kwanza. Mwaka uliofuata walikufa 7. Somo lilikuwa lilelile. Kilichoongezwa ni kulirudia.

Basi ninyi wa Kirumba, shikeni haya:

1. Mama, uchungu ukianza, usikawie nyumbani. Njoo mahali penye mkunga na kifuko cha hewa.

2. Ukiwakuta wauguzi katika mazoezi, ngoja dakika chache bila kunung'unika.

3. Nawe mkunga, usiseme, "Nilikwisha kujifunza." Mkono usiotumika husahau.

Maswali

Kwa nini mkunga hana nafasi ya kusoma kitabu mtoto asipopumua?
Wauguzi wa Haydom waliongeza nini mwaka 2011?
Wewe utafanya nini uchungu ukianza?