CD8: Askari Asiyetajwa Kliniki

Ukisema "CD4" kliniki ya VVU, kila mtu anajua: askari wa mwili. Ni askari kweli, lakini kazi yake kubwa ni kuwapanga na kuwatia nguvu wenzake. Anayeua seli iliyoingiliwa na virusi ni mwenzake, CD8.

Fika mialo ya Katonga au Kibirizi, hapa Kigoma, dagaa wakiwa wameanikwa. Mnunuzi haulizi maswali. Anainama, anachota kiganja, anatazama kama wana mchanga. Seli za mwili nazo huanika. Karibu kila moja huweka nje vipande vya protini inazotengeneza ndani, na CD8 hupita akivipapasa. Akikuta kipande cha kirusi anachokijua, huganda hapo kama kupe.

Ndani ya CD8 kuna vifuko vidogo vya sumu. Husogea upande ule CD8 alipogusana na seli hiyo na kumwaga sumu papo hapo, kwenye upenyo mwembamba kati ya wawili hao, jirani asidhurike. Sumu moja, perforini, hutoboa utando wa seli. Nyingine, granzaimu, hupenya na kuiamsha seli ijiue yenyewe. Seli husinyaa, hukatika vipande bila kupasuka ovyo, na seli walaji huja kufagia. CD8 hana hata jeraha. Hujibandua, akaenda kutafuta nyingine.

VVU humaliza CD4, na CD8 asiye na wa kumpanga huchoka. Si binadamu pekee: baadhi ya sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji wetu, wana kirusi cha ukoo mmoja na VVU. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani hakiwadhuru. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba, kwa umri ulio sawa, hatari ya kufa kwa walioambukizwa ilikuwa mara 10 hadi 16 ya wenzao.

Sasa, mbona CD8 hamalizi VVU kwa mtu anayemeza dawa vizuri? Kwa sababu baadhi ya virusi hulala. Seli iliyovificha huanika dagaa safi tu. Askari anapita, haoni kitu. Ukiacha dawa, vilivyolala huamka, mara nyingi ndani ya wiki chache, hata kama kipimo cha mwisho kilisoma kwamba virusi havionekani. Kwa hiyo mvuvi anayetumia dawa na anayehamia kambi ya mbali amwambie mhudumu mapema, apewe vidonge vya kumtosha mpaka atakaporudi.