Maktaba Zinapogombana Tarakilishini

Mwanachama mwenzangu, maktaba ninayoizungumzia hapa si ile ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, ambayo programu yako huiazima ili usianzie sifuri.

Mwaka wa 2025, siku mbili kabla ya maonyesho ya sayansi, programu yetu ya kuchora grafu za mvua, tuliyoiandika kwa Python, ilikataa kata kata kufunguka. Na jana yake ilikuwa sawa! Kumbe mwenzetu alikuwa ameongeza maktaba moja tu, nayo ikaja na NumPy toleo la 2 bila kubisha hodi.

Tulikuwa tumefunzwa kusoma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa. Tukausoma: "_ARRAY_API not found". Loo, tukabaki kutazamana! Ikabidi tupande juu, na huko tarakilishi ilikuwa imesema wazi kwamba kuna kitu kilichoundwa kwa NumPy 1, ambacho hakiwezi kwenda na toleo la 2. NumPy 2 ilitoka Juni 2024. Maktaba yetu ya kuchora ilikuwa ya kabla ya hapo.

Dawa hasa ni kupandisha ile ya zamani. Sisi, kwa haraka, tuliitoa ile mpya, tukaandika:

pip install "numpy<2"

Grafu zikarudi.

Siku hizi kila mradi tunautengea chumba chake kwa python -m venv, na programu ikifanya kazi tu, tunahifadhi orodha ya matoleo:

pip freeze > requirements.txt

Ikikataa tena, tunalinganisha orodha hiyo na hali ya sasa kabla ya kumlaumu mtu.